Walichokitupa Njiani

Sisi wapenzi wa gitaa tuna mchezo tusiouchoka. Unachukua wimbo mmoja na mpigaji yule yule, unatafuta video yake ya ujanani na ya uzeeni, unazitazama kwa kufuatana, kisha unatoa hukumu. Na hukumu ni mbili tu. Wapo watakaosema mzee amekwisha, vidole vimekuwa vijiti. Wapo watakaojibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Mimi nimeshawahi kukaa kambi zote mbili, mara nyingine ndani ya siku moja, kutegemea nabishana na nani. Siku hizi naona kambi zote mbili zinashika rula moja, ya kasi na usafi wa noti, kama vile kupiga gitaa ni mbio za mita mia na tunachotaka kujua ni kama mkimbiaji bado anafika.

Rula hiyo haioni jambo lenyewe. Mpiga gitaa wa roki hujifunza karibu yote atakayojifunza kabla hajafika miaka 25. Anachokifanya baada ya hapo, kwa miaka 40 au 50, ni kuamua aache nini. Ukitaka kujua mtindo wake umebadilika vipi, tafuta kitu alichokitupa njiani, na uulize kama alikitupa mwenyewe au alinyang'anywa.

Mfano mzuri tumepewa bure na bendi moja ya Uingereza, Yardbirds. Katika miaka ya 1960 bendi ile ilipitiwa na vijana watatu wa gitaa, waliozaliwa kati ya Januari 1944 na Machi 1945. Wote walikulia Surrey, jirani na London, na wote walishibishwa na santuri za bluzi kutoka Marekani. Eric Clapton aliondoka mwaka 1965 kwa kuona bendi imeanza kunuka pop. Jeff Beck akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata akaja Jimmy Page, na kwa miezi michache Page na Beck wakawa jukwaa moja. Umri mmoja, chakula kimoja cha muziki, bendi moja. Miaka 30 baadaye hungedhani hata wanapiga chombo kile kile.

Nianze na Beck, maana ndiye aliyenifanya niache kupima watu kwa kasi.

Beck wa 1965 alikuwa kijana wa vurugu. Alipiga kwa piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi, na gitaa lake lilikoroma na kupiga mayowe. Mwaka 1975 alitoa Blow by Blow, santuri isiyo na mwimbaji, iliyosimamiwa na George Martin, yule yule wa Beatles. Mtu mwingine angesema hapo nimefika, sasa niirudie hiyo hiyo mpaka uzee. Beck, kuanzia miaka ya 1980, akaiweka piki chini na hakuirudia kwa maana yoyote ya kweli mpaka alipofariki Januari 2023, akiwa na miaka 78.

Tazama mkono wake wa kulia kwa karibu katika video yoyote ya miaka yake ya mwisho. Kidole gumba ndicho kinachopiga uzi. Kidole kidogo kimejikunja kwenye kile kitufe cha kuzungusha cha sauti, ambacho kwenye gitaa la aina ya Stratocaster kiko karibu kabisa na nyuzi. Uzi unapigwa sauti ikiwa imefungwa, kisha kidole kidogo kinaifungua polepole, kwa hiyo noti haina mwanzo. Husikii pale ilipogongwa, unasikia tu kwamba ipo na inakua. Na kiganja kimelala juu ya kile kijiti cha chuma kinachotikisa daraja la nyuzi. Akikikandamiza, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Akikiinua, inapanda. Kazi zote hizo tatu zinafanyika kwa mkono mmoja, kwa wakati mmoja, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesubiri chai.

Wimbo wake wa 1989 uitwao Where Were You ndio ushahidi. Sehemu kubwa ya melodia ile haitoki kwenye shingo ya gitaa kwa njia tuliyoizoea. Anaugusa uzi kwa juu juu apate ile sauti nyembamba ya kengele, halafu anaisukuma kwa kijiti mpaka ifike kwenye noti anayoitaka. Hakuna frati, kile kichuma cha shingoni kinachoipa noti mahali pake, ya kumlinda. Akikosea kwa upana wa unywele, kila mtu anasikia. Alichokuwa anakifukuzia ni sauti za kwaya ya wanawake wa Bulgaria, na mwaka 2001 akafanya jambo la aina hiyo na Nadia, wimbo wa Nitin Sawhney, ambamo gitaa linapinda kama koo la mwimbaji wa Kihindi. Fikiria hilo. Mtu wa miaka 56 anapiga kitu ambacho akiwa na miaka 21, mwepesi kuliko wakati wowote, asingeweza kukianza.

Niliwahi kujaribu kumwiga. Niliificha piki kwenye droo kwa wiki mbili. Siku ya tatu kidole gumba kilikuwa kimevimba, lakini maumivu hayakuwa shida. Shida ilikuwa kwamba vijipande vyote nilivyowahi kuviiba kwa watu vilikufa. Sikujua kuwa vilikuwa vinaishi kwenye kifundo cha mkono, katika ule mwendo wa piki wa juu na chini ambao mkono unaufanya wenyewe huku akili imelala. Bila piki kila noti ilitaka sababu. Nilikuwa napiga noti nne pale nilipozoea kupiga 12, na katika zile nne, mbili zilikuwa za uongo. Wiki mbili zilipoisha nikairudia piki mbio, kama mtoto aliyeona mama yake karudi sokoni. Beck hakuirudia. Tofauti kati yetu ni kipaji, ndiyo, ila ni pia ule uvumilivu wa kukubali kupiga vibaya kwa muda mrefu wakati ulimwengu mzima unakujua kama bingwa.

Clapton naye alitupa vitu, tena vingi. Mwaka 1966, akiwa na bendi ya bluzi ya John Mayall, alichukua gitaa la aina ya Les Paul akaliunganisha na amplifaya ya Marshall na kukataa kuishusha sauti studio, na kizazi kizima cha wapigaji kikafuata mlio ule. Akiwa na bendi ya Cream alinyoosha solo mpaka wimbo wa dakika nne ukawa wa robo saa. Kisha mwaka 1968 akaisikia santuri ya kwanza ya The Band, Music from Big Pink, watu wanaopiga kama wanaongea barazani, hakuna anayempita mwenzake, na akaona aibu kwa makelele yake. Kutoka hapo akapunguza. Les Paul ikaenda, Stratocaster ikaja. Solo ndefu zikaenda, nyimbo zikaja. Hadi mwaka 1970, wimbo wake Layla ulipotoka, nasema kupunguza kule kulikuwa kwa kweli.

Baada ya hapo sina uhakika tena kama alichokuwa anakitupa ni mzigo. Kwa masikio yangu, santuri nyingi za miaka ya 1980 zina Clapton ambaye ameacha hatari. Noti ni zile zile, zimepangwa vizuri, hakuna inayoweza kuanguka. Unplugged ya 1992 watu wengi wanaipenda, na ndiyo iliyouza kuliko zote alizowahi kutoa, lakini Layla ya humo, iliyokalishwa kitini na kupunguzwa mwendo, huwa inanikumbusha simba aliyefundishwa kupeana mkono. Najua hapa nitachokoza watu. Wataniambia ni ugonjwa, kwa kuwa mwaka 2016 alisema wazi kuwa mishipa yake ya fahamu imeharibika na kupiga gitaa kumekuwa kazi ngumu. Pole yake, kwa dhati. Ila huwezi kuutumia ugonjwa wa 2016 kueleza uvivu wa 1986. Isitoshe, katikati hapo kuna santuri ya bluzi tupu ya 1994, From the Cradle, ambamo anauma kama zamani. Meno yalikuwepo.

Page ni kisa kifupi na kwangu ndicho cha huzuni zaidi. Mpiga ngoma John Bonham alipofariki Septemba 1980, Led Zeppelin, bendi ya Page baada ya Yardbirds, ilikufa naye, na Page akabaki na miaka 36 na urithi mzito mno. Kuna kazi alizofanya baadaye, baadhi nzuri, lakini juhudi yake kubwa iliyodumu imekuwa kuzisafisha na kuzitoa upya rekodi za bendi ile. Beck alitupa piki, Clapton akatupa hatari. Page alijitoa yeye mwenyewe kwenye gitaa, akawa mlinzi wa ghala lake.

Kuna kuacha na kuna kunyang'anywa. Mwili hauombi ruhusa.

Tony Iommi wa Black Sabbath alinyang'anywa hata kabla kazi haijaanza. Akiwa na miaka 17, kwenye kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye ni wa shoto, huo ndio mkono unaobana nyuzi shingoni. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa na kuvibandika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na ilipofika 1971 Black Sabbath walikuwa wanalegeza nyuzi toni moja na nusu chini ya kawaida ili zisiumize. Nyuzi zilizolegea hutoa sauti nzito, ya kuvuta miguu. Leo kuna maelfu ya vijana wenye vidole kumi kamili wanaolegeza nyuzi zao ili wasikike kama mtu aliyekuwa anakwepa maumivu.

Jerry Garcia wa Grateful Dead alinyang'anywa katikati ya safari. Mwaka 1986 kisukari kilimwangusha akapoteza fahamu kwa siku kadhaa, na alipoamka gitaa lilikuwa limetoka kichwani. Mpiga kinanda Merl Saunders, rafiki yake wa siku nyingi, alikaa naye wakaanza mwanzo, pole pole, mpaka Desemba mwaka ule ule akarudi jukwaani na Grateful Dead. Nikimsikiliza Garcia wa 1987 na kuendelea namsikia mtu anayechagua. Zamani alikuwa anatembea kwenye shingo ya gitaa kama mtu aliyepotea kwa hiari, anafurahia kila kichochoro. Sasa anakwenda mahali. Wapo wanaompenda yule wa kwanza zaidi. Siwalaumu.

Halafu yupo Keith Richards wa Rolling Stones, ambaye ni vyote viwili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kufunga gitaa kwa mtindo alioupata kwa mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder, nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa sauti ya G kamili, na kwa kuwa uzi wa sita, ule mnene, ulikuwa unamsumbua, akaung'oa. Nyuzi tano. Kwa wapigaji wengi huo ni ulemavu. Kwake ndiko zilikotoka Honky Tonk Women, Brown Sugar na Start Me Up, nyimbo ambazo ukizipiga kwenye gitaa la nyuzi sita lililofungwa kawaida zinakaa kama suti ya kuazima. Hiyo aliacha mwenyewe. Miongo mitano baadaye mwili nao ukaja kudai chake: viungo vya vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, kila mtu anaviona. Alipoulizwa mwaka 2023, karibu na kutimiza miaka 80, alisema hana maumivu, na kwamba pale anapoona kitu fulani hakiwezekani tena, gitaa lenyewe humwonyesha njia nyingine. Mtu mwingine akisema hivyo ningeona anajifariji. Lakini huyu alianza kupunguza miaka 50 kabla hajalazimishwa, kwa hiyo uzee ulimkuta mazoezini.

Hapo ndipo ninapoona siri ya wale wanaozeeka vizuri na gitaa, kama ipo. Aliyejenga jina lake juu ya wingi wa noti ana vingi vya kupoteza. Aliyelijenga juu ya mguso na juu ya mahali pa kuiweka noti anapoteza kidogo kidogo. David Gilmour wa Pink Floyd hakuwahi kuwa mtu wa kasi. Yeye huuvuta uzi kwenda juu, anaushikilia, anauvuta tena, noti moja inabeba hatua mbili tatu kabla haijaachiliwa. Mwaka 2019 aliuza kwa mnada ile Stratocaster nyeusi ya santuri zake maarufu, ikapata dola 3,975,000, fedha akazipeleka kwenye kazi za mazingira. Santuri yake ya 2024 ameipiga kwa magitaa mengine na baada ya noti mbili unajua ni nani. Aliyelinunua gitaa lile alipata mbao nzuri.

Ila tusiwasifu wapigaji peke yao, au kuwalaumu peke yao, maana anayelipa kiingilio naye ana mkono wake. Watu elfu 60 hawaji uwanjani kumsikia mzee akijaribu. Wanakuja na solo ile kichwani, noti kwa noti, na akibadilisha mbili wananung'unika. Ritchie Blackmore, mwenye ile rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ya bendi ya Deep Purple ambayo kila anayeanza gitaa huijua, alichoka; kuanzia 1997 akawa anatoa santuri za gitaa lisilo la umeme, nyimbo zinazonusa enzi za kati za Ulaya, akicheza na mkewe. Nusu ya mashabiki hawajamsamehe. Pia kuna sababu ndogo ambazo hazimhusu mpigaji hata kidogo: sauti ya mwimbaji inashuka na umri, bendi inalegeza nyuzi nusu toni au toni nzima ili koo lifike, nyuzi zikilegea mkono unazikuta laini, zinavutika kuliko zamani, na wewe nyumbani unasema mzee amebadilisha mtindo.

Kupunguza kwa amri nako hakufai. Metallica mwaka 2003 walitoa St. Anger bila solo hata moja, enzi ambayo solo zilionekana za kizamani. Kirk Hammett, mpiga solo wao, alikaa pale kama fundi aliyenyimwa nyundo. Santuri iliyofuata, ya 2008, solo zikarudi zote kwa fujo. Kile hakikuwa kitu alichokiacha Hammett. Kilikuwa kitu alichoachishwa na fasheni, na ndiyo maana hakikumfundisha lolote ninaloweza kulisikia.

Linganisha na Robert Fripp wa King Crimson. Katikati ya miaka ya 1980, akikaribia 40, aliacha kabisa namna ya kawaida ya kufunga nyuzi na kuchukua nyingine aliyoibuni: C, G, D, A, E, G kutoka chini kwenda juu. Asiyepiga gitaa huenda haoni uzito wake. Ni kama fundi cherehani kuamka na kukuta mikono imebadilishana. Kila umbo la vidole, kila njia ya mkato, kila kitu ambacho mkono unakijua bila kuuliza, chote kimefutika, na amekifuta mwenyewe. Jonny Greenwood wa Radiohead alikwenda mbali zaidi. Yule aliyejulikana 1992 kwa zile pigo mbili tatu za kukwaruza kabla ya kiitikio cha Creep, kufikia Kid A ya 2000 alikuwa ameliweka gitaa kando nyimbo nyingi, akicheza ondes Martenot, chombo cha umeme cha Kifaransa cha miaka ya 1920, na baadaye akawa mtunzi wa muziki wa filamu. Je, bado tunamhesabu kama mpiga gitaa? Mimi namhesabu, ingawa sina hoja nzuri ya kujitetea.

Na Neil Young? Les Paul nyeusi ile ile tangu mwisho wa miaka ya 1960, solo zile zile za noti moja zinazogongwa mpaka zikubali. Hakuacha kitu kwa sababu, nadhani, hakuwahi kuokota kitu cha ziada.

Kila ninapofika hapa namfikiria Jimi Hendrix, aliyefariki tarehe 18 Septemba 1970. Tunamzungumzia kama mtu aliyemaliza. Siku ile Richards alikuwa na miaka 26 na ndiyo kwanza ameng'oa uzi wa sita. Clapton alikuwa na 25 na Layla haijafika madukani. Gilmour alikuwa na 24, hajapiga hata solo moja kati ya zile tunazomjua nazo. Beck alikuwa na 26, na piki mkononi. Hendrix alikuwa na 27.